Mkono Juu ya Sahani ya Bati

Madadu yetu yalinuka kwapa la Elia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo pua yangu inalolikumbuka kwanza, kabla ya moshi wa mabanda ambako ndugu wa wagonjwa walipika uji, kabla ya sabuni kali ya hospitali iliyoshuka na upepo hadi uani kwetu, kabla hata ya mahindi mapya yaliyokuwa yakikauka darini. Elia alikuwa mtoto wa jirani, mnene wa mashavu, na aliamini kwamba dadu lenye baridi halimpendi mtu. Kwa hiyo zamu yake ilipofika alilitia kwapani, akalibana, akafumba macho kama kuku anayetaga, na sisi wengine tukangoja. Ulikuwa msimu wa baridi, shule zimefungwa, na ukungu wa Haydom ulikaa barabarani hadi jua linachoka kuusubiri, kama abiria aliyekosa nauli. Mabasi yalitokea ndani yake taa zikiwaka, yakateremsha wagonjwa na vikapu vyao, yakazama tena. Sisi tulikaa ndani ya ghala la Bibi, tumezunguka ngozi kavu ya ng'ombe, na sauti ya dadu likianguka juu ya ngozi ile, ko-ko-ko, halafu kimya, bado huniamsha mara nyingine nikiwa nimesinzia kwenye cherehani.

Hayakuwa madadu ya ludo unayoyajua wewe, yenye nyuso sita na vitone. Moja lilikuwa na ncha kama paa la msonge, jingine lilifanana na jiwe la kwenye pete, na kubwa kuliko yote, lenye rangi ya damu ya mzee, lilikuwa na nyuso ishirini zenye namba. Yaliletwa na mtoto wa daktari mmoja mgeni aliyefanya kazi Haydom kwa muda. Jina lake lilitushinda, na kwa kuwa alishuka kwenye gari mvua ikinyesha, Bibi alimwita Tluway, jina ambalo sisi Wairaqw humpa mtoto aliyekuja na mvua. Tluway alitufundisha mchezo usio na ubao. Mmoja anakuwa Mwenye Njia: anasimulia safari, anasema mmefika mtoni, mto umejaa, mnafanyaje? Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, mwenye jina na tabia zake, na unasema mtu wako anafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu. Namba kubwa, umevuka. Namba ndogo, umelowa. Ikitoka moja, Mwenye Njia ana ruhusa ya kukuzika. Wazazi wa Tluway walipohama, mtoto yule alituachia mfuko mzima wa madadu, lakini kitabu cha sheria aliondoka nacho. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ukimwachia Mwiraqw mchezo bila sheria, atakwenda kutafuta sheria kwa bibi yake.

Kila mtu alikuwa na mwiko wake. Kaka yangu Boay, aliyekuwa kidato cha pili na kwa hiyo mwenye akili kuliko serikali, ndiye aliyekuwa Mwenye Njia. Kila tulipomaliza kucheza aliyapanga madadu dirishani, namba kubwa zikitazama juu, "ili yazoee." Dadu lililokosea mara kwa mara lilifungwa jela, yaani ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na halikutolewa mpaka mwenye nalo aliombee msamaha kwa sauti, sisi tukisikiliza kama mahakama. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa dadu la mwenzake. Likidondoka nje ya ngozi, halihesabiki, na aliyelirusha alizunguka ghala kwanza ndipo arudie. Na kuligeuza dadu kwa mkono, kulilaza uso unaoutaka wewe wakati wenzako hawaoni, hilo lilikuwa kosa ambalo hatukulitungia hata adhabu. Boay alisema adhabu yake dadu lenyewe linaijua. Mimi la kwangu, hilo kubwa la damu ya mzee, nilililisha chembe za ugali. Ndiyo, ugali, dadu la plastiki. Miaka kadhaa baadaye nilimaliza kidato cha nne na alama ya fizikia ambayo familia hatuitaji mbele ya wageni, kwa hiyo msishangae.

Mtu wa nne alikuwa Gidamis. Yeye alitoka Hirbadaw, upande wa Hanang, Mdatoga wa ng'ombe kabisa, na alikuja na mama yake aliyekuwa amelazwa na uvimbe tumboni. Baba alibaki na mifugo. Mtoto wa umri wangu, wa darasa la tano, anampikia mama yake uji asubuhi, halafu mchana kutwa hana la kufanya ila kuhesabu mabasi. Bibi alimkuta amesimama kwenye ua wetu wa minyaa anatazama kuku, akamwambia, "Ingia, baba. Mgeni njoo mwenyeji apone." Gidamis alikuwa na namna yake ya kurusha: alilipigia dadu mluzi mdogo wa chini, ule wanaowapigia ndama, na tuliapa kwamba dadu lilimsikiliza. Mtu wake wa hadithi alikuwa jitu lenye mkuki. Boay hakuacha kumchokoza.

"Gidamis, mkifika kwenye zizi la mfalme usituibie ng'ombe wa hadithi."

"Ng'ombe gani?" Gidamis akajibu bila kucheka. "Nyie Wairaqw mna ng'ombe au mna mbuzi waliokua sana?"

Na mimi, mtu wangu wa hadithi? Nilikuwa na dunia nzima ya kuchagua, ningeweza kuwa malkia, ningeweza kuruka. Nikachagua mpishi. Aliitwa Mama Sufuria na kazi yake ilikuwa kubaki kambini. Wenzangu walipopanda Mlima Hanang kupigana na fisi wanaoongea, Boay akinigeukia, "Na Paska, mtu wako anafanya nini?" nilisema anachochea moto. Kesho yake nikasema anachambua maharage. Elia aligaragara kwa kicheko. Tabia ni ngozi ya mwili, wahenga walisema, na mimi hata katika ndoto ya kubuni sikutoka nje ya geti. Mwishowe Boay akachoka. Akasema maji ya kambini yameisha, na Mama Sufuria lazima aende chemchemi. Sisi tulikua tukijua kwamba chemchemi zina wenyewe, wanaokaa chini ya maji, na mtoto hachungulii. Nilisema hatakwenda. Boay akasema basi wote watakufa kwa kiu. Nikalilisha dadu ugali, nikalirusha. Ko-ko-ko. Moja.

"Wamemvuta," Boay alisema polepole, na naona hata yeye alishtuka. "Kimebaki kibuyu kinaelea."

Nililia machozi ya kweli. Mpaka leo nimezika watu wenye damu na nyama ambao sikuwalilia vile.

Sasa, kwa vile hatukuwa na kitabu, swali likawa: dadu lililoua linafanywaje? Boay alikwenda kumwuliza Bibi, kwa kuzungukazunguka, zamani mtu akifa kwa balaa nyumba yake ilifanywaje. Bibi alikuwa mama wa kanisa, wa mstari wa mbele. Alisema, "Hayo ni ya giza, msiniulize," halafu akakaa kwenye kigoda akatueleza yote. Alituambia nyumba ya namna hiyo ilitengwa. Watu wake waliitwa metimani. Hakuna aliyewaomba moto wala kuwapa, hawakuchota maji kwenye njia ya wenzao, ng'ombe wao walilishwa peke yao, na hakuna aliyepokea kitu kutoka mikononi mwao, mpaka muda wao umalizike na watu waje kuwatoa. Tukarudi ghalani, Boay macho yanang'aa. Dadu la damu ya mzee likahukumiwa kutengwa. Tulilitia ndani ya kipande cha kibuyu, juu ya majivu, tukalipachika kwenye panda ya mnyaa nyuma ya ua, likae huko mpaka mwezi mpya. Na mimi, kwa kuwa mtu wangu ndiye aliyekufa na dadu lilikuwa langu, nikatengwa nalo. Nilikaa mlangoni mwa ghala, juu ya kigoda, na kikombe changu. Kusema kweli nilifurahi: nilidhani nimesamehewa kuchota maji. Bibi alipoona ndoo tupu, Boay akajaribu kueleza, na hapo akagundua tulichofanya. Hakutuchapa, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mimi nimekaa hivyo," alisema, "nikiwa msichana, wadogo zangu walipofuatana kufa. Nilikuwa nauona moshi wa wenzangu. Aliyewahi kukaa nje ya moto wa wenzake hachezi mchezo huo." Kisha akanipa ndoo. "Nenda mtoni, Paskalina. Mimi nitapokea maji yako." Alisema hivyo, na aliyapokea, lakini niliona vidole vyake vilisita kidogo kwenye mshikio.

Kosa lililofuata lilikuwa la aina ambayo huwezi kuipata mahali pengine, maana linahitaji Wairaqw wanaotenga na Mdatoga asiyeambiwa. Gidamis hakuwepo siku ile, alikuwa wodini. Alipopita nyuma ya ua kesho yake, aliona kile kitu kizuri chekundu kimejengewa kijumba chake juu ya mti, kimetandikiwa majivu, hakuna anayekigusa. Sisi tulikuwa tumekiweka pale kwa kuwa ni kichafu. Yeye akaona kimewekwa pale kwa kuwa kina nguvu. Na tena kililetwa na watu wa hospitali. Akakichukua, akakipeleka moja kwa moja kwa mama yake, akakiweka chini ya mto. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Lakini usiku ule Gidamis alitembea kifua mbele, kama mtu aliyeleta dawa.

Tulikuta panda tupu na tukafikiri mambo ambayo nikiyaandika hapa mtanicheka. Nilianza kulala na kilemba cha Bibi kichwani. Siku chache baadaye Gidamis alikuja ghalani, hakukaa. Alisimama mlangoni, kando ya kigoda changu cha aliyetengwa.

"Mama amekataa kukatwa," alisema. "Kila siku wanamletea karatasi aweke dole. Anasema mpaka dadu liseme."

"Dadu gani?" Boay aliuliza, ingawa sote tulishajua.

Mama Gidamis hakujua kusoma namba. Lakini dadu lile lilikuwa na uso mmoja wenye mkwaruzo, Tluway aliwahi kulisugua kwenye saruji, na yeye akauchagua uso huo. Huu, alimwambia mwanawe, ndio nyumbani. Kila asubuhi analirusha mara moja tu kwenye sahani ya bati, macho amefumba, na siku uso wenye mkwaruzo utakapokaa juu, ataweka dole na kwenda kukatwa, kwa sababu atakuwa amejua kwamba atarudi Hirbadaw. Usipokaa juu, haendi. Uso ule ulikuwa haujakaa. Muuguzi alimwambia Gidamis kwa upole, akiinama kabisa kumfikia, kwamba uvimbe haungoji, na kwamba wakichelewa zaidi, kukata hakutasaidia. Mwanamke anafia kwenye dadu letu, na tena lile lililoua.

"Mwambie ni plastiki tu," nilisema mimi. Wote wakanitazama kama nimetukana. Hata mimi nilijitazama. Nani aliyelilisha ugali?

"Lazima ligeuzwe," Boay alisema. "Akiwa amefumba macho, mtu aligeuze."

"Litamla atakayeligeuza," alisema Elia.

"Litamla akiwa mzima. Lakini kama ni mtu ambaye limeshamuua..." Boay akanigeukia. Aliyetengwa ndiye anayeweza kugusa kilichotengwa. Hata padri asingeipinga hesabu hiyo. Basi ndivyo mimi, ambaye mpaka siku ile sikuwahi kwenda peke yangu hata kwenye mashine ya kusaga, nilivyochaguliwa kwenda kumwokoa mtu.

Niliingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, nimebeba chupa ya uji kama kisingizio, na kanga ya Bibi inaburuza. Gidamis alibaki nje dirishani kwa sababu mama yake hakutaka amwone akirusha. Nilikuwa nimemtazamia mgonjwa wa kutisha. Nikamkuta mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba, shingo imesimama, tumbo limeinua shuka kama mjamzito, na macho ya mtu anayepatana bei mnadani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndio yule wa sufuria?" Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Gidamis alikuwa amemsimulia mchezo wote. "Kwa nini ulienda kwa maji? Mimi ningekataa."

"Walinilazimisha, mama."

"Na mimi wananilazimisha," alisema, akacheka hadi akajishika tumbo. Kisha kicheko kikaisha ghafla. "Leo sijarusha. Nilikuwa naogopa. Kaa hapo, usiseme."

Akaweka sahani ya bati juu ya shuka. Akalitoa dadu chini ya mto. Lilikuwa limeng'aa kuliko nilivyolijua, limeshikwashikwa usiku na mchana. Akalileta mdomoni, akaliambia maneno kwa lugha yake, maneno mengi, naamini aliyataja majina ya watoto, kwa maana nililisikia la Gidamis. Akafumba macho. Akalirusha. Nikanyoosha mkono. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi ghalani juu ya punje za mahindi: kidole kimoja, haraka, bila sauti. Dadu lilizunguka ndani ya sahani, likagonga ukingo, likazunguka tena, na bati likatoa mlio mwembamba ulioninyoa shingo. Mkono wangu ulikuwa juu yake. Haukushuka. Nawaambia kama ninavyowaambia watu wote tangu siku ile: haukushuka, kwa sababu niliogopa, kwa sababu mimi ni mimi. Dadu likapunguza mwendo, likayumba kati ya nyuso mbili kama mlevi anayechagua njia, likakaa. Mkwaruzo ulikuwa juu.

Nikashindwa kuurudisha mkono. Mama Gidamis akafumbua macho, akaona uso wenye mkwaruzo, kisha akaona mkono wangu umening'inia juu ya sahani. Akautazama kwa muda mrefu. Dirishani, Gidamis naye alikuwa ameuona. Yule mama akaushika, akaugeuza, akaangalia kiganja changu kana kwamba na chenyewe kina nyuso.

"Mkono mzuri," alisema. Akamwita muuguzi alete karatasi.

Alikatwa. Tulikaa ghalani tangu asubuhi ile bila kucheza, hata Elia alikunja mikono mbele akaliacha kwapa lipumzike. Gidamis alikuja jioni anakimbia, akipiga ule mluzi wa ndama, na hatukuhitaji kuuliza. Wiki zilizofuata mama yake alitembea uani mwa hospitali, akalaumu uji, akalaumu baridi, akamlaumu jogoo wetu, mpaka wakapanda basi kurudi kwao na dadu likiwa limefungwa kwenye pindo la shuka lake. Mwezi mpya ulikuwa umetoka. Boay akanitoa kwenye utengano wangu kwa sherehe: akaninyunyizia maji, akapokea kikombe kutoka mkononi mwangu, akanywa, akasema, "Karibu kwa watu." Nikamwambia sikuligusa.

"Ndivyo unavyotakiwa kusema," alijibu, akanikonyeza.

Nilimwambia Elia, akasema najidai. Nilimwambia Bibi. Bibi hakucheka. Aliacha kupembua akaniuliza, "Kama si wewe, ni nani?" Nikagundua kwamba hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia. Kama ningeligeuza, kungekuwa na kosa, na kosa lina mtu. Sasa kulikuwa na kitu kimefanyika na hakuna mtu. Tangu hapo nikaanza kukaa ndani kweli kweli, si kwa uvivu ule wa mwanzo. Nilihisi kuna aliyeuazima mkono wangu bila kuniomba, na asingeshindwa kuurudia.

Maisha hayakungoja hofu yangu. Boay yuko Arusha, anauza vipuri vya magari, hataki kukumbushwa mambo ya ghalani. Elia ni mwalimu wa hisabati, tena mzuri, na nilipomweleza tena tukiwa watu wazima alinichorea kwenye bahasha. "Nyuso ishirini, Paska. Kila asubuhi nafasi moja kati ya ishirini. Siku moja ilikuwa lazima itokee. Ni hesabu tu." Nikamwuliza kama bado analitia dadu kwapani. Akasema hilo ni jambo tofauti. Watoto wake wanacheza ludo kwenye simu, dadu linazungushwa na kioo, hakuna cha kunusa wala cha kulisha, na hata hivyo nimemwona yule mdogo akikipulizia kioo kabla ya kukigusa. Hakufundishwa na mtu. Mimi niliolewa Katesh, nikabaki Katesh mume alipoondoka, na nashona sare za shule sebuleni. Majirani wananiita Konokono. Siwalaumu, wateja wanaletwa mlangoni, na sokoni natuma mtu.

Gidamis nilikutana naye tena hapo hapo Katesh, siku ya mnada, alipokuja kushonewa koti. Amekuwa mtu mwenye pikipiki na ng'ombe wa kutosha. Aliniambia dadu lilishapotea zamani: ndama alilimeza, wakamfuata na kumchungulia nyuma kwa siku nyingi, halikutoka. Tulicheka sana. Nikamwambia, kwa mara nyingine, sikuligusa. Akanitazama kwa huruma ile unayompa mtu mnyenyekevu. "Dada Paska, mimi nilikuwa dirishani."

Mwaka huu, mvua za masika zikielekea mwisho, alinipigia simu. Sauti ilikuwa ileile ya mlangoni mwa ghala.

"Mama amekataa tena."

"Amekataa nini?"

"Yuko Haydom. Tumbo. Hataki kuweka dole. Anasema mpaka mkono uje."

Nilitafuta sababu. Nilikuwa na sare za kumaliza, nilikuwa na mafua, barabara ilikuwa na tope. Mfa maji haachi kutapatapa. Mwishowe nikavaa viatu ambavyo havikuwa vimeona basi kwa miaka, nikaenda. Wodi ilikuwa imepakwa rangi nyingine. Yeye alikuwa amebaki bangili na macho. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nimenenepa kama mtu wa sufuria. Kisha akakunja ngumi yake tupu, akaileta mdomoni, akaiambia maneno yale, mengi, majina sasa yalikuwa yameongezeka ya wajukuu. Akafumba macho. Akafungua ngumi juu ya shuka, kati yetu.

"Limekaaje?" aliuliza, macho bado amefumba.

Nikatazama. Kulikuwa na shuka, mkunjo wa shuka, na uzi mmoja mweupe uliotoka kwenye mikono yangu ya fundi. Gidamis alisimama miguuni mwa kitanda ananitazama mimi, si shuka. Nikasubiri, kama mjinga, labda kitu kingekaa chenyewe kama kilivyokaa zamani. Hakikukaa.

"Mkwaruzo uko juu, mama," nilisema. "Ni nyumbani."

Akafumbua macho, akanishika mkono, akaweka dole. Aliingia kukatwa akiwa anamtania muuguzi. Akatoka salama, tukafurahi, na siku chache baadaye akafariki. Ugonjwa ulikuwa umeshafanya kazi yake muda mrefu kabla ya karatasi, kila mtu alituambia hivyo, na naamini ni kweli. Nilikwenda msibani Hirbadaw. Gidamis alinipeleka kwa akina mama wazee waliokaa kivulini, akawaambia kwa lugha yao mimi ni nani. Wakauchukua mkono wangu wa kulia, mmoja baada ya mwingine, wakautemea mate kidogo kiganjani, baraka ya wazee. "Alikwenda ametulia," Gidamis aliniambia. "Ni wewe."

Nilikaa kwenye basi la kurudi nimeuweka mkono ule mbali na mwili kama mkono wa mtu mwingine. Utotoni ningejua la kufanya. Tulikuwa na ngozi ya kuchezea, jela ya kopo, panda ya mnyaa, na kila hofu ilikuwa na mwezi wake mpya wa kuimaliza. Kaka alikuja, akakunyunyizia maji, akanywa kutoka kwenye kikombe chako, ukawa mtu tena. Zamani nilisema kweli na hakuna aliyeniamini. Juzi nilisema nisichokiona, nikaaminiwa na mtu anayekufa, na hakuna ghala la kwenda kukaa mlangoni pake, wala anayejua kwamba kuna utengano ninaotakiwa kutolewa.

Jioni ile jirani yangu aligonga akiomba chumvi. Nikamimina kwenye karatasi, nikamnyoshea kwa mkono wa kushoto. Akautazama, akanitazama.

"Konokono, leo umetoka nje mara moja tu, na adabu umeziacha huko huko?"

Nikamwambia mkono wa kulia unauma.